Nani Anachimba, Nani Anabeba, Nani Anazika

Fundi wa Dinamo hakuamini hata mtungi wa maji wa nyumbani kwake. Kabla ya kunywa alichota kidogo, akanusa, akageukia mlangoni ayatazame kwenye mwanga, akayamwaga, ndipo akachota mengine ya kunywa. Siku moja nilimwuliza ni nani angejisumbua kumtilia sumu mtu kama yeye, asiye na shamba wala ng'ombe. Alinitazama kana kwamba nimejitaja mwenyewe. Nami kwa miaka mingi nilimtazama vivyo hivyo, kwa sababu Koboko ya siku zile za utawala wa kijeshi ilitufundisha sote kutazamana kwa namna hiyo.

Mimi nilikuwa mkunga wa dispensari ndogo ya Koboko, mzaliwa wa Arua, na yeye ndiye aliyeniletea mwanga. Jina lake nilikuwa nalo kwenye kadi yake ya matibabu, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Mkongo mrefu, mabega yameinama, ncha za vidole zimeliwa na asidi ya betri. Watu walimwita Fundi, na wakitaka kumtofautisha na mafundi wa baiskeli na wa cherehani, wakaongeza hilo la dinamo.

Nilimfahamu kwanza kwa pua yake. Huko Arua, kabla sijaja Koboko, alikuwa akiendesha injini ya dizeli ya mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, na hakuna pipa lililoingia ghalani bila yeye kuinama na kulinusa. Alijua dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na alijua iliyochanganywa na maji. Askari mmoja mwenye cheo alileta mapipa matatu ya kuuza, akashuka garini na bastola yake, na sisi tuliokuwa barabarani tukapunguza mwendo tuone. Fundi alinusa pipa la kwanza, akalifunga, akasema, "Hii mafuta iko na maji, Afande. Mashine yangu hainywi maji." Tuliomsikia tulianza kutafuta njia ya kupita pengine. Lakini yule askari alicheka, akapakia mapipa yake, akaenda kumuuzia mtu asiye na pua. Huyo injini yake ilikufa wiki hiyohiyo.

Baadaye dizeli yenyewe ikaadimika, ya maji na isiyo ya maji. Yule mfanyabiashara wa tumbaku akakosa cha kumlipa, na Fundi akachukua dinamo ya kuzalisha umeme badala ya mshahara, akaifunga kwenye baiskeli, akaja nayo Koboko akiisukuma siku mbili.

Alikuwa Mkatoliki, na kila akienda Arua alihudhuria misa katika kanisa la Ediofe. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Sadaka alitoa, ila aliufuata mfuko kwa macho hadi ulipofika altareni. Nilipomtania kwamba anampeleleza padri, alisema padri ni mtu mwema, anachotaka yeye ni kujua mfuko unalala wapi.

Lakini mtu huyu wa mashaka hakuwa na kufuli mlangoni. Karakana yake ilikaa wazi mchana kutwa, koleo, nyundo na waya vimetandazwa, na aliyetaka kuazima aliazima. Kitu kimoja tu hakikuguswa, kopo la maziwa ya unga lililokaa kwenye rafu ya juu, limezungushiwa ganda zito la risasi, yale madini laini yanayotoka ndani ya betri kuukuu za magari. Mtoto wa dada yangu aliwahi kunyoosha mkono kulielekea, na Fundi akampiga kofi mkononi. Sikuwahi kumwona akimpiga mtoto mwingine. Kwa hiyo na mimi nikalitilia shaka kopo lile. Wengine walisema lina dhahabu ya Kongo, wengine wakasema dawa ya kichawi. Mimi nilidhani ni redio ya kupelekea habari, kwa sababu siku zile watu wa miwani myeusi walikuwa wamejaa kila mahali na nilimwona mpelelezi hata kwa muuza chumvi.

Alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza juu ya kila kitu kinachotoa moto au mwanga. Ukimsifia kuni, ukimsifia mkaa, ukimsifia dizeli, alikunja kidole kimoja kimoja: "Mutu gani nachimba? Mutu gani nabeba? Mutu gani nazika?" Hili la tatu liliwachekesha watu, kwa sababu nani azike dizeli? Naye akawapeleka nyuma ya karakana, akawaonyesha pale alipomwaga oili chafu kwa mwaka mmoja, ambapo hata magugu hayakuota. Hakupata kufafanua zaidi ya hapo.

Gurudumu lake la maji alilijenga kwenye mto Kochi, nyuma ya nyumba zetu. Alitumia rimu ya lori, mabati ya madebe na mbao za sanduku. Mfereji aliuchimba mwenyewe siku tisa. Dinamo ilichaji betri mbili za lori, na kila Jumatatu na Alhamisi aliniletea moja kwa baiskeli na kuondoka na nyingine. Ilitosha balbu moja juu ya kitanda cha kuzalia. Wasiowahi kumshona mwanamke kwa mwanga wa taa ya mafuta inayotoa moshi hawawezi kujua balbu moja ni nini. Mimi niliifuta kwa khanga yangu mwenyewe kila asubuhi, na sikumruhusu mfagizi aikaribie.

Ungedhani basi aliupenda mto wake. Aliushuku kama alivyomshuku kila mtu. Wanawake wa upande wa chini wa mto walipolalamika kwamba mfereji unawanyima maji kwenye madimbwi yao ya kulowekea muhogo, hakubishana nao, aliuchimba upya ili maji yarudi mtoni kabla ya kuwafikia. Nilipomwambia kwamba bwawa lake dogo la kukingia maji ya gurudumu limeniletea mbu na homa zimeongezeka, alikubali, akalifukia nusu. Kila mwanzo wa mwaka mto ulikonda, gurudumu likasimama, nami nikarudi kwenye taa ya mafuta nikimlaumu. Aliwahi kujaribu pia panga la kuzungushwa na upepo juu ya mlingoti, na dhoruba ya kwanza ikalipeleka kwenye paa la msikiti. Alilipa bati. "Maji nayo iko mwizi," aliniambia. "Lakini huyu mwizi mimi naona uso yake."

Kisha wakaja wapimaji. Walikuwa na malori mawili, mahema, askari wa kuwalinda na mtaalamu mmoja mgeni aliyebeba kisanduku kinacholia. Tuliambiwa wanatafuta jiwe la urani, na kwamba kisanduku hulia kikilikaribia. Kwenye mkutano wa uwanjani mtaalamu alieleza, na mkalimani akatafsiri, kwamba jiwe la kujaza kiganja linatoa umeme kuliko msafara mzima wa malori ya dizeli. Likipatikana kwetu, serikali ingeweza siku moja kujenga mtambo wa atomiki, na umeme wake ungekuwa rahisi hata mjane angewasha taa mchana kwa anasa. Watu walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Fundi akanyanyua mkono. Akauliza maswali yake, kidole kwa kidole. Mtaalamu alijibu mawili vizuri tu: wachimbaji watatoka hapahapa na watalipwa, na mzigo ni mdogo, hivyo kuubeba si kazi. Kwa la tatu alitabasamu, akasema mabaki yatahifadhiwa. Fundi akauliza kwa muda gani. Mtaalamu akasema muda mrefu. Fundi akauliza mlinzi atalipwa na nani muda huo wote, na kama mshahara wake umeingizwa kwenye hiyo bei ya mjane. Mkalimani hakutafsiri hilo. Ofisa aliyekuwa mezani alimwita mbele, akamwuliza ametoka wapi na nani amemtuma, na Fundi akaomba radhi, akarudi kukaa. Nilikasirika naye. Niliona anatuharibia riziki kwa wivu wa gurudumu lake.

Siku ya tatu kisanduku kililia. Hakikulia mlimani walikotarajia, kililia nyumbani kwa Fundi, na kadiri walivyokaribia ukuta wa karakana ndivyo kilivyozidi kulia. Habari ikaenea kabla wapimaji hawajanyoosha migongo. Jioni ile akina mama wa Kinubi walitoa ngoma, tukacheza doluka hadi miguu ikavimba. Wiki iliyofuata watu walipanda basi kwenda Arua kununua balbu. Nasema kweli: nyumba zisizo na waya, wala nguzo, zilining'iniza balbu darini kwa kamba ya katani, ziwe tayari. Jirani yangu alinunua nne, na moja akaitundika chooni.

Hatukuwa tumecheza vya kutosha ndipo wakaja na chokaa. Nyumba zote za ukanda wa mto, kutoka kwa Fundi hadi kwa mama yangu, zilichorwa msalaba mweupe ukutani. Tungehamishwa ili wachimbe. Wapi, hawakusema. Fidia gani, hawakusema. Wapimaji wangerudi baada ya majuma mawili kupima mara ya pili na kuthibitisha, kisha tungepewa siku za kuhama. Mama yangu, aliyezika watoto watatu kati ya sita katika ua ule, alikaa kizingitini akiutazama msalaba, na hakuingia ndani kula.

Na Fundi kimya. Mtu aliyemwuliza mtaalamu maswali mbele ya bastola hakusema neno moja juu ya chokaa. Minong'ono ilianza kwamba amelipwa, kwamba Wakongo wameuza ardhi yetu. Niliamini. Nilivua aproni ya kazi, nikaenda karakanani kumwambia usoni kwamba ni mnafiki.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Funga mulango, Sista."

Nilitazama rafu ya juu. Kopo lilikuwepo, lakini ganda lake la risasi halikuwepo.

Alinieleza akiwa amesimama. Ujanani alifanya kazi Katanga, kwenye mgodi wa jiwe hilohilo. Walilichimba kwa koleo na kulibeba migongoni kwa magunia, na vumbi lake wakalala nalo. Yeye na mwenzake walikula sahani moja. Mwenzake alianza kukohoa, akakonda, akafa, na mjane akapewa blanketi na gunia la unga. Kwenye vitabu vya kampuni, Fundi alisema, jiwe lile lilikuwa rahisi sana. Akaiba kipande kimoja, akaapa atakiweka mbele ya mkubwa yeyote mwaminifu na kumwuliza yule mwenzake aliyekufa ameandikwa ukurasa gani. Alikuwa hajampata mkubwa huyo. Miaka yote alilitunza ndani ya risasi, akaliongezea unene kila alipopata betri mbovu.

"Na risasi iko wapi?" nilimwuliza.

"Iko kwako. Betri yako ilikufa, mimi nikakosa risasi ya kutengeneza. Nikayeyusha hii."

Nilikaa juu ya kigoda. Mwanga niliokuwa nikiufuta kwa khanga kila asubuhi ndio uliolivua jiwe nguo, na mji mzima ukacheza ngoma kwa kipande kimoja cha Katanga kilichokuwa ndani ya kopo la maziwa.

Nilimwambia alitupe mtoni. Alisema kule wanawake wanaloweka muhogo. Nilimwambia alizike. Alisema watoto wanachimba, mvua inachimba, na siku atakayokufa nani atajua? Nilimwambia alipeleke mbali, akanikumbusha vizuizi vya barabarani ambako kila sanduku la vifaa lilipinduliwa. Akamwambie mtaalamu ukweli? Mkongo aliyekutwa na jiwe la atomiki angeulizwa nani amemtuma, na sote wawili tulijua watu walioulizwa swali hilo hawakurudi kusimulia walivyojibu.

Ilibaki njia moja. Risasi nyingine Koboko haikuwepo, chuma chakavu chote kilikuwa kimekusanywa na jeshi. Betri zangu mbili zingevunjwa, ganda litengenezwe upya, kabla wapimaji hawajarudi. Nikaelewa kwa nini alikuwa amekaa kimya. Hakuwa akiwaogopa askari tu, alikuwa ameshindwa kuniomba.

"Betri ni ya wamama," alisema. "Wewe ndiye wa kusema."

Nilipaswa kwenda kuwauliza wale wamama. Sikuwauliza. Niliufikiria msalaba kwenye ukuta wa mama yangu, nikasema vunja.

Wapimaji walirudi, wakazunguka nyumba ya Fundi kutwa nzima, na kisanduku kikawa baridi. Mtaalamu alikipiga makofi, akabadilisha betri zake, akapima tena, akaandika, akaondoka amenuna. Mvua zikaosha chokaa. Balbu zilibaki zimening'inia, zikashika masizi ya jikoni. Na watu, badala ya kushukuru kwamba wamebaki na nyumba zao, walisema Fundi ameloga mali ya nchi ikaingia chini. Waliacha kumsalimu. Vijana walivunja mbao za gurudumu, naye akazipigilia upya. Mimi niliyejua ukweli niliogopa kuutamka, nikawaacha wamseme, na walipocheka nilicheka nao. Hilo silisamehe.

Miezi mitatu nilizalisha kwa taa ya mafuta, hadi Fundi alipopata betri nyingine Arua. Mwanamke mmoja wa Pajulu, aliyeolewa kwetu, nilimshona vibaya mchana wa mvua kubwa kwa sababu sikuona. Alitembea kwa maumivu tangu hapo. Hakunilaumu, alidhani ndivyo uzazi ulivyo.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka wa vita, wa sabini na tisa, watu wa West Nile walipokuwa wakikimbilia Kongo na Sudani. Nilikuwa na mama yangu na furushi moja. Njia ya kwenda mpakani ilijaa vitu vilivyotupwa: vyerehani, magodoro, sufuria, kitanda cha chuma kizima. Kila baada ya hatua kadhaa mtu alipunguza mzigo. Nikamwona Fundi ameketi kando ya njia, amevua viatu, amezeeka ghafla, na mapajani mwake limekaa kopo lenye ganda lake la risasi, zito kama jiwe la kusagia. Hakuwa na kingine.

Nilimwuliza dinamo iko wapi, kitu chake cha thamani, mshahara wake wa Arua.

"Nimeacha mtoni, inazunguka," alisema. "Mutu anataka kuiba, aibe. Haitaua mutu." Akaligusa kopo. "Hii nikiacha, mutoto naokota."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alinyoosha mikono, akanipa. "Shika, Sista. Usifungue." Nilimpa mama furushi, nikalibeba. Mabega yaliniuma kabla hatujafika mpakani, na nikawaza kwamba yeye amekuwa nalo tangu Katanga.

Upande wa Kongo tulikuta kiwanja kilichohamwa, chenye choo cha shimo ambacho hakikutumika tena, kirefu sana. Fundi alidondosha kijiwe, akasikiliza. Alitabasamu, na meno yake nilikuwa nimeyaona mara chache. "Choo ya zamani," alisema, "hakuna mutu nachimba." Tulilitumbukiza, tukatupia mawe na udongo hadi mikono ikachubuka. Akanitembeza kutoka kwenye jiwe la barabarani hadi pale, mara tatu, hadi nilipoweza kuzitaja hatua bila kukosea. Asubuhi yake alikuwa ameondoka. Baada ya miaka nilipata habari kwamba amefia njiani kuelekea kwao.

Niliporudi Koboko gurudumu halikuwepo. Mabati yake yalikuwa kwenye paa la banda la kuku, rimu ilikuwa kengele ya shule, na mfereji umepandwa magimbi. Hakuna aliyeumia.

Kule upande wa pili mimi huvuka kila mwaka. Nasimama kando ya kiwanja, nahesabu hatua, natazama kama udongo umeguswa, narudi. Watoto wa pale wananifuata kwa macho wakidhani nina uchawi. Mwaka huu nimekuta kijana mwenye kiwanja amepima msingi wa nyumba kwa kamba na vigingi, na pembe moja ya kamba imepita juu ya shimo. Nilimsalimu, akaniitikia kwa adabu, akaniuliza mama anatafuta nini. Nikasema napita tu.

Sijalala vizuri tangu hapo. Jumatatu nitavuka tena, nikakae naye chini, nimwambie chimba kwingine. Atataka kujua kwa nini, nani amenituma, na ninaficha nini. Mimi mwenyewe, angekuja kwangu mwanamke mzee na hadithi kama hii, nisingemwamini.